RAV4 ya 1997 (3S-FE) inavuja oili upande wa taiming belti: nibadilishe sili zipi?

BintiMuheza
Habari za jioni wakuu. Nina Toyota RAV4 ya milango mitano, injini 3S-FE, niliyoachiwa na marehemu baba. Ndiyo inayompeleka mama kliniki Bombo kila mwezi, kwa hiyo kunizimikia njiani ni kitu nisichotaka hata kukifikiria.

Tangu mwezi uliopita naona oili upande wa dereva, chini ya kava la taiming belti (ule mkanda wa meno wa mpira unaozungusha shafti za injini kwa pamoja), karibu na ile puli kubwa ya chini. Kila asubuhi kwenye boksi nililotandika chini ya gari nakuta matone manne au matano, meusi. Fundi wangu wa hapa anasema ni sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke) ya krenki, yaani shafti kuu ya chini ya injini. Anataka 80,000 ya ufundi abadilishe hiyo tu, na belti airudishie ileile kwa kuwa ilibadilishwa 2019. Kweli kwenye kava kuna stika ya Kijapani iliyoandikwa kwa kalamu 19.6.8, na kilomita 98,400. Leo dashibodi inasoma 187,000. Nasikia belti inakwenda kilomita 100,000, basi naona bado ina nafasi. Baba aliitoa gari bandarini Dar mwaka 2010 na sikumbuki akitaja habari ya belti. Nimkubalie fundi?

FundiDom
Dada, pole kwa kuondokewa na mzee. Belti hiyo isirudi kwenye gari. Soma tena ulichoandika: gari imeshuka Dar 2010, sasa Mjapani angebandika stika 2019 akiwa wapi? Hiyo 19 ni mwaka wa Heisei, enzi ya mfalme wao. Heisei 1 ilikuwa 1989, kwa hiyo Heisei 19 ni 2007. Nimekuta magari mengi ambayo mwenyewe na fundi wake wote wamesoma stika vibaya namna hiyo. Kilomita 88,600 zinaonekana chache, lakini mpira unazeeka hata gari ikiwa imelala, na wako sasa unalowa oili juu yake.

Kuhusu sili. Nyuma ya kava hilo kwenye 3S ziko tatu: ya kamshafti (shafti inayofungua vali) juu, ya krenki chini, na ya pampu ya oili. Ya kamshafti ni moja tu, maana belti inazungusha kamshafti moja na ya pili inazungushwa kwa gia. Hiyo ya pampu ndiyo inayosahaulika. Fundi aliyezoea Corolla za injini ya 5A hana habari nayo, kwa sababu kule pampu ya oili imekaa kwenye krenki yenyewe. Kwenye 3S pampu ina puli yake na inazungushwa na taiming belti. Ikivuja, oili inateremka mpaka puli ya chini, na lawama zote zinaangukia krenki.

Badilisha zote tatu, na oringi ya pampu ya oili, beringi mbili za belti na pampu ya maji, kwa kuwa nayo inazungushwa na belti hiyohiyo. Kazi kubwa ni kufika pale ndani. Ukishafika, sili ni vitu vya bei ndogo.

Uwepo wakati anafunga, uangalie haya. Sili ya zamani isichokolewe kwa bisibisi kavu; afunge kitambaa au utepe kwenye ncha, maana mkwaruzo mmoja kwenye shafti unatosha kuvujisha sili mpya. Mdomo wa sili mpya apake grisi kidogo, kisha aisukume taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana uleule mpaka ilingane na ukingo. Asiigonge upande mmoja ikaingia kombo. Puli zote zisafishwe oili kabla belti mpya haijagusa. Alama: tundu la puli ya kamshafti likae sawa na alama ya kepu ya beringi, na ya krenki ikae kwenye 0. Kisha azungushe injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, aangalie alama tena. Asipige stata kabla ya hapo.

Jambo jingine: chomoa vali ya PCV, ile inayotoa hewa iliyobanwa ndani ya injini, uitikise. Isipolia, imeziba, na presha ya ndani itazisukuma hata sili mpya.

Pwani_Corona
Salaam kutoka Mombasa. Dada, msikilize fundi kuhusu pampu ya maji. Corona yangu ina 3S hiyohiyo. Belti ilinikatikia karibu na Mariakani saa mbili usiku, injini ikanyamaza ghafla na lori liko nyuma yangu. Nilivutwa hadi gereji. Vali na pistoni za 3S-FE hazigongani belti ikikatika, kwa hivyo nilifungiwa mpya na injini ikawaka. Lakini ule mwendo wa kutafuta pembeni ya barabara bila taa za kutosha sitausahau. Halafu nikakataa kununua pampu ya maji, nikaona iliyopo haivuji. Miezi minne baadaye ikaanza kudondosha, na vyote vikafunguliwa upya, nikalipa ufundi mara mbili.

BintiMuheza
Nawashukuru sana. Kazi imefanyika Jumamosi na nilikaa pale tangu kava la kwanza linatoka. Kabla ya kuchomoa belti, fundi alikubali asafishe kote, akapuliza poda ya mtoto, akarudisha puli na kuwasha dakika chache. Poda chini ya krenki ilibaki nyeupe. Chini ya puli ya pampu ya oili ulichoreka mstari mweusi, mwembamba kama uzi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hii nilikuwa siijui."

Sili ya pampu ilitoka ngumu kama plastiki, ukiikunja inakatika. Belti nikaipinda kwa vidole: nyufa katikati ya kila jino, na ukingo mmoja umevimba kwa oili. Vali ya PCV haikulia, tumenunua nyingine. Leo ni siku ya tano na boksi ni kavu.

Stika ya zamani nimeiacha palepale. Pembeni yake nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: belti, sili 3, beringi 2, pampu ya maji, km 187,240, na mwaka nimeuandika kwa tarakimu zote nne.