Mrejesho: AC niliyoificha kwenye boksi la mninga

Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita niliomba ushauri hapa: sebule yangu Tabata haipoi, na AC ya BTU 12,000 inadondosha maji ukutani. Nilikuwa nimeifunika kwa boksi la mninga lenye nakshi ili sebule ipendeze.

Aliyesema boksi linaikaba AC alipatia. Inanyonya hewa kwa juu, na pale seremala alikuwa ameacha upenyo wa vidole viwili tu, kwa hiyo ilikuwa inavuta tena baridi yake yenyewe, sensa yake ya kupima joto ikadhani chumba kimeshapoa. Nimeng'oa boksi, nikabakiza fremu pembeni. Bado inapendeza, na usiku sasa tunajifunika shuka.

Maji nayo yameisha. Bomba la kutolea maji lilikuwa limepanda juu kidogo kabla ya kutoka nje. Fundi amelilaza upya kwa mteremko.

Kilichogoma ni jua la jioni. Mapazia mazito nimeweka, lakini kuanzia saa kumi hadi jua linazama, joto bado lipo. Nitajaribu kivuli cha nje ya dirisha, kama dada mmoja alivyoshauri.

Asanteni sana, mmeniokolea hela ya AC mpya.