Ushauri: kisigino kinachoma hatua za kwanza asubuhi, akandwe au afanye mazoezi?

Mzabibu_Dom: Wakuu, habari za majukumu. Kuna mama wa miaka 52, muuza mboga soko la Majengo, anashinda amesimama kwenye saruji na kandambili. Kisigino cha kulia kinamchoma kwa chini akishuka tu kitandani. Akitembea kidogo kinapoa, jioni kinarudi. Ni mwezi wa nne. Eksirei imeonyesha mwiba wa mfupa. Wapo wanaosema akandwe mpaka utando uachie, wengine sindano.

Fizio_Kikuyu: Mkuu, dalili hizo ni za fashia ya unyayo, utando mgumu wa kolajeni (protini ya nyuzi inayojenga kano) unaotoka chini ya kisigino hadi mashina ya vidole. Kisigino kikiinuka, vidole hukunjuka, utando hukaza na upinde wa unyayo hupanda. Hapo ndipo mguu hupata ugumu wa kujisukuma mbele. Mwiba usimtishe, wengi wanao na hawaumwi.

Kabla hajakanyaga chini, apandishe mguu juu ya goti la pili, avute vidole kuelekea muundi mpaka akigusa unyayo akute kamba imekaza. Sekunde 10, mara 10, mara 3 kwa siku. Asipovuta vidole, ananyoosha kigimbi tu.

Mkufunzi_AreaC: Kunyoosha peke yake hakutoshi, utando huimarika ukibebeshwa mzigo. Aviringishe taulo, aliweke kwenye ngazi chini ya vidole, kisigino kining'inie. Apande kwa sekunde 3, atulie 2, ashuke 3. Seti 3 za marudio 12, siku moja afanye, inayofuata apumzike. Mguu mmoja ukimshinda, aanze na yote miwili. Baada ya wiki 2, begi lenye mchele mgongoni, seti 4 za 10. Wengi huharibu kwa kupiga harakaharaka, au kuacha wiki ya 3 kwa kuwa bado kunauma. Kolajeni hujengeka polepole, ahesabu miezi 3. Asubuhi ya pili ikiwa mbaya zaidi, apunguze mzigo.

Mzabibu_Dom: Na kukandwa?

Fizio_Kikuyu: Mkono wa mtu haurefushi utando ule, hutuliza maumivu kwa muda tu. Kugandamiza dole gumba palepale panapouma ni kuchokoza. Aviringishe unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda dakika chache jioni. Kama ana kisukari na miguu ina ganzi, barafu asiiguse. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, hupoza kwa wiki kadhaa, ila ikirudiwarudiwa utando unaweza kukatika.

Dada_Ntyuka: Kandambili aziache hata nyumbani, avae raba yenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo. Halafu mbane kisigino kwa viganja, kushoto na kulia. Akishtuka kwa maumivu, huenda mfupa una ufa: mazoezi yasimame, arudi kwa daktari. Hata kukiwa na ganzi, homa, uvimbe, au visigino vyote viwili vinauma na mgongo unakakamaa asubuhi, asisubiri hiyo miezi 3.