Tupeane uzoefu: filamu gani ya usawa ilikugusa mpaka ukaitazama upya nyumba yako?

Wakuu, habari za Jumapili. Niko Area C hapa Dodoma. Jana upepo ulikuwa unaleta vumbi mpaka sebuleni, hatukutoka, tukaweka Sarafina!, ile ya 1992. Niliiona utotoni kwenye deki ya jirani, na nilichobaki nacho ni nyimbo na wanafunzi wa Soweto wanaokimbia risasi. Safari hii nimeshikwa na mama yake Sarafina, yule aliyechezwa na Miriam Makeba. Ni mfanyakazi wa ndani kwa Wazungu. Binti anamwona mnyonge kwa kuinamisha kichwa. Hajui kwamba kimeinama ili wanawe wale.

Wakati huo dada yetu wa kazi alikuwa amekaa kwenye jamvi, karibu na mlango wa jikoni. Kochi lilikuwa na nafasi. Hakuna aliyewahi kumkataza kulikalia, na hakuna aliyewahi kumkaribisha. Nikamwona anajifuta uso kwa khanga, akasema anawahi maziwa yasimwagike. Jikoni hapakuwa na maziwa.

Nilimfuata, nikakosa la kusema, nikaanza kuosha vyombo naye. Leo asubuhi nimemwomba tunywe chai wote mezani. Amekuja, amekaa ukingoni mwa kiti, lakini kikombe amekwenda kukichukua chake, kile cha plastiki kinachowekwa peke yake. Hapo ndipo nimeumia kuliko kwenye filamu. Miaka miwili namfundisha hivyo bila kufungua mdomo.

Naomba visa vyenu. Vya kweli, hata kama vinauma.

#2
Kwetu Nkuhungu shida ilikuwa finyango. Za wavulana kwanza, sisi mchuzi. Mimi nimeacha hiyo kwangu. Mama mkwe alinuna mwezi mzima, sasa anagawa mwenyewe.

#3
Mimi ni wa Kongwa. Mkanda huo niliuona kwenye kibanda cha video, tumebanana chini, jenereta linanguruma nje. Nikarudi nyumbani nikimwambia babu kuna watoto wameuawa Afrika Kusini kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Akanyamaza, kisha akasema, "Wenzao walikaa hapa." Sikuwa najua. Kambi ya wapigania uhuru ilikuwa Kongwa tangu miaka ya 1960: ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na wengine. Wengine walifia hapa na makaburi yao yapo. Babu alinipeleka kesho yake. Na baada ya Juni 16, 1976, vijana waliokimbia Soweto wengi walikuja kusomea Mazimbu, Morogoro.

Ninachotaka kusema ni hiki: wazee wetu Wagogo waliishi na wageni hao katika miaka yenye njaa, mlenda na ugali wa uwele. Halafu mimi nakwenda sekondari mkoa mwingine, naitwa "ombaomba" kwa sababu ya kabila langu, darasa zima linacheka, mwalimu anacheka. Nilikuwa nacheka nao ili yaishe. Baada ya yale makaburi niliacha kucheka.

#4
Kaka wa Kongwa, pole. Hilo la ombaomba hata ofisini lipo, na wanaliita utani. Utani una watani wake. Hawa hawajui hata kunijibu salamu yetu ya Kigogo, "mbukwenyi".

#5
Nimesoma kisa cha dada wa Area C mara mbili. Mimi nilikuwa huyo wa kwenye jamvi, miaka sita, nyumba moja hapa mjini. Kikombe nilikizoea. Sahani nilizoea. Kusubiri wainuke mezani, kuleta mkaa wa pasi, hayo yote yalipita.

Mama yangu alipofariki kijijini, baba mwenye nyumba alinipa nauli na rambirambi, tena pesa ya kutosha, sina lawama hapo. Nikafungua begi ndani ya basi nihesabu. Juu ya bahasha alikuwa ameandika "Dada". Hakuwa analijua jina langu.

#1
Pole sana kwa msiba, mdogo wangu, hata kama umepita. Nimekusoma nikiwa jikoni na mwenzangu, nimemsomea kwa sauti.

Kaka wa Kongwa, hayo makaburi mtu anaweza kufika siku yoyote, au kuna wa kuomba ruhusa kwake? Tungekuja wote wa nyumba hii.