Tupeane uzoefu: taya linalolia na kuuma, kwako lilianzia wapi?

Fundi Cherehani (mwanzisha mada)
Wakuu, salama? Mbele ya sikio langu la kulia, pale ukiweka kidole na kufungua mdomo unasikia mfupa ukiteleza, panalia "tak" kila nikipiga mwayo. Asubuhi naamka mashavu yamechoka. Nikaandikiwa dawa ya matone ya sikio, chupa ikaisha na maumivu yako palepale. Daktari wa meno ndiye aliyeuliza: ukiwa kazini, mdomo wako unafanya nini? Pini nazishika kwa meno, uzi naukata kwa meno, na nikifika kwenye kola ya shati nakuwa nimekaza taya mpaka nimalize mshono. Akanibonyeza shavu karibu na pembe ya taya, msuli ukauma hadi machozi yakanilenga. Sikio lilikuwa zima kabisa. Wenye tatizo hili semeni lenu lilianzia wapi, maana naamini wengi wanahangaika na dawa za sikio bure.

Mama Watatu
Pole mkuu. Kwangu aliyegundua ni mume wangu, nasaga meno usiku mpaka anaamka. Ilizidi kipindi mama amelazwa na ada za watoto zimegongana. Meno ya mbele yalishalika yakawa bapa. Nilitengenezewa kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, kinayalinda meno kweli, lakini taya lenyewe lilianza kutulia mama aliporudi nyumbani na mimi nikapata usingizi.

Boda wa Kahama
Mimi ni ajali. Kidevu kilipiga lami, nikashonwa ngozi nikaruhusiwa. Taya halikuangaliwa. Wiki zilizofuata nikifungua mdomo unakwenda upande, na meno ya nyuma hayakutani kama zamani. Kuja kupigwa picha, mfupa ulivunjika karibu kabisa na kiungo na ukaunga vibaya. Ndugu zangu wa barabarani, kidevu kikigonga, kishindo kinapanda hadi kwenye viungo vya mbele ya masikio. Kama meno hayakutani vizuri, usiondoke hospitali bila picha ya taya. Hili naliomba sana.

Mzee wa Meru
Huku kwetu ni miraa. Nilikuwa natafuna kuanzia mchana hadi usiku wa manane, na mzigo wote shavu moja. Kwanza ulikuja mlio, halafu siku moja naamka mdomo umegoma, hata vidole viwili haviingii. Lakini siwezi kuibebesha miraa lawama peke yake, kwa sababu miezi hiyo nilikuwa silali na biashara imenilemea. Nimepunguza, mdomo umefunguka, mlio upo.

Mwalimu Mstaafu
Swali kwa wanaojua. Niling'olewa gego lisilo na ugonjwa kwa maumivu haya haya, yakabaki. Nina baridi yabisi ya vidole na magoti. Je, inaweza kufika tayani?

Tabibu wa Kinywa
Inaweza, mwalimu. Kiungo cha taya ni kiungo kama goti, na ndani yake kuna kisahani kinachoteleza pamoja na mfupa. Kisahani kikitoka mahali pake kidogo, ndiyo huo mlio. Kikikwama mbele, mdomo unagoma kama wa mzee wa Meru. Baridi yabisi huweza kukila kiungo hiki pia.

Mzee amegusa jambo kubwa: mara nyingi sababu haiwi moja. Mtu anakaza meno, halali vizuri, ana mawazo, halafu anatafuna kitu kigumu au anakaa mdomo wazi muda mrefu akitibiwa jino, na hapo ndipo taya linashindwa. Baadhi ya dawa za sonona nazo huchochea kusaga meno, mwambie daktari wako kabla ya kuacha chochote. Wanawake wa miaka 20 hadi 40 ndio tunaowaona zaidi. Kuhusu meno kutopangana, jambo hilo limepewa lawama kubwa kuliko ushahidi uliopo, kwa hiyo usikubali haraka kuchongwa au kung'olewa jino lisilo na ugonjwa.

Mlio usio na maumivu kwa kawaida hauhitaji tiba. Pima kwa vidole vyako vitatu vilivyosimama kati ya meno ya mbele: vikiingia, uko vizuri. Ukiwa hutafuni, midomo ifunge lakini meno yasigusane. Fundi, nunua kijimto cha pini cha kuvaa mkononi.

Na hili halingoji: taya likikaza ghafla baada ya kidonda au kuchomwa na msumari, kimbia hospitali, huenda ni pepopunda.

Fundi Cherehani
Kijimto nimeshakishona kwa vipande vya kitenge. Mkono unakisahau, pini bado zinakwenda mdomoni, ila mwanafunzi wangu nimempa ruhusa ya kunikemea.

Mama Watatu
Tabibu, binti yangu akipiga mwayo taya linatoka na kurudi lenyewe. Nimpeleke?

Tabibu wa Kinywa
Mpeleke, mama. Wenye viungo vilegevu hutokewa sana na hilo. Kwa sasa akisikia mwayo unakuja, aweke ngumi chini ya kidevu.