Punguzo la jua, PANGONI! Wakuu huyu masta anatuonaje?

Wakuu salamu baadaye, nimetoka sasa hivi kwenye meza ya mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa kurusha dadu na kusimuliana hadithi, na mikono bado inatetemeka. Jina simtaji, mnamjua, yule masta (mwongoza mchezo) wa Jumamosi mwenye daftari la bei alizojitungia mwenyewe, nusu ya watu humu washakaa meza yake na nusu washatoka wanalia.

Kwa wageni, kwake kila mtu anapewa pointi 60 za kutengeneza mhusika. Unanunua kabila, yani aina ya kiumbe, unanunua kazi, kinachobaki ndo silaha na ujuzi wako. Mi nikachukua binadamu mpiganaji, mtu wa kawaida kabisa, binadamu 15, mpiganaji 20, nimebaki na 25. Nikauliza binadamu 15 ya nini, eti "binadamu anajifunza chochote". Haya, nikameza. Akaja mwenzangu na drow, wale elfi wa gizani, viumbe wa hadithi wenye masikio marefu, bei 20. Nikasema sawa, hapo kuna haki. Masta akafunua ukurasa wa nyuma wa lile daftari lake la laana akasema drow macho yanamuuma juani, kwa hiyo ana punguzo la pointi 15. KUMI NA TANO! Drow kwa pointi 5! Akaongeza uchawi wa 25 na bado kabaki na 30, yani mchawi anayeona gizani ana akiba kuliko mimi askari wa ngao na upanga.

Sasa kampeni, yani hadithi nzima tunayocheza, iko wapi? Chini ya ardhi. Yote. Tumeanza tukiwa tushadumbukia shimoni na masta kwa mdomo wake alisema hatutoki mpaka mwisho. Jua gani litamuuma huyo drow? Litapitia wapi? Nikauliza kwa adabu kabisa, masta, jua liko wapi humu? Hakuinua hata kichwa, anatafuna mshikaki, akanijibu "jua ni jua".

Jua ni jua!!

Ni sawa na kupunguziwa nauli ya daladala ya Mbagala kwa sababu hujui kuogelea. Mtu mzima, ana kazi, anaheshimika mtaani, anakwambia jua ni jua na nyama mdomoni.

Alafu tukaanza kucheza. Drow anaona futi 120 kwenye giza totoro. Mimi binadamu wa pointi 15 sioni hata pua yangu kwa hiyo inabidi nishike mwenge, ukishika mwenge ngao unaweka chini, na pango zima mwenye taa ni mimi peke yangu kwa hiyo kila mshale unaotoka gizani unakuja kwangu. Nimechomwa mishale mpaka nikawa nungunungu. Na hapo nimelipia! Anayeumia kwa giza analipa 15, anayelifaidi giza analipa 5 kwa sababu ya jua ambalo HALIPO. Jua ni jua. Nalala nalo hili leo.

Moda msiuunganishe huu uzi na wowote.

Kete Butu
Siti ya mbele nimeshika. Endelea mkuu.

Mzee wa Penseli
Kijana hasira yako ina haki. Mwaka 1981 kwenye lile boksi la kuanzia la Dungeons & Dragons, mchezo mkongwe wa aina hii, elfi alikuwa mpiganaji na mchawi kwa mpigo, na bei yake ilikuwa kwenye kupanda levo. Mwizi alihitaji pointi 1,200 za uzoefu kufika levo ya pili, mpiganaji 2,000, elfi 4,000, na safari yake ilikuwa inaishia levo ya 10. Unaanza vizuri lakini unasota. Drow naye kwenye toleo la 3 na nusu la mchezo huohuo, la 2003, alihesabiwa levo mbili juu, ukimcheza levo ya 1 unahesabiwa wa 3, wenzako wanapanda wewe umekaa tu. Bei zilikuwa chungu lakini kila mtu alilipa. Siyo huu ukurasa wa nyuma.

Halflingi Mnene
Mzee na wewe, hiyo ya 1981 nani aliipenda? Elfi levo ya kwanza ana panga na usingizi wa kichawi, anamaliza mijusi wote chumba kizima, na meza nyingi hazifiki hata levo ya 4 kabla watu hawajaoa wakahama. Bei unayolipa kesho wakati kesho haifiki ni bure tu.

Mzee wa Penseli
Meza yangu ilifika levo ya 9.

Halflingi Mnene
Hongera.

Nusu Oki wa Tandale
Mtoa mada punguza kelele, ulikuwa na pointi 25 mkononi, si ungenunua kofia yenye taa? Ulizitia zote kwenye nguvu ili upige namba kubwa, tunakujua wewe. Alafu mishale inakuja kwako kwa sababu unatangulia mbele unapiga makelele kila mlango.

Mtoa mada
We Nusu Oki hukuwepo! Taa ya kichwani kwenye daftari lake ni pointi 10, TAA NI POINTI 10, drow ni 5. Yani kwa bei ya taa moja napata madrow wawili. Na nilivyomuuliza unajua alivyonijibu? Jua ni jua.

Kete Butu
Madrow wawili kwa taa moja 😂😂😂 nunueni jumla muuze rejareja.

Hesabu Kali
Hili jambo GURPS, mchezo mwingine wa kununua mhusika kwa pointi, walishalimaliza. Udhaifu unalipwa kulingana na kile kitu kinavyopatikana. Kikiwa cha nadra unapata nusu ya thamani, kikiwa kimejaa kila mahali kama jua unapata mara 3. Sasa kwenye pango jua linahama kutoka kwenye kila mahali linakuwa kitu ambacho hakipo, thamani yake sifuri. Masta amebeba bei ya duniani juu akaishusha shimoni bila kuipiga hesabu upya. Bei ya kabila haiwezi kuandikwa kabla hujajua kampeni inachezwa wapi, ndo maana daftari la kudumu ni uongo.

Nusu Oki wa Tandale
Usituletee GURPS hapa, kule kutengeneza mhusika ni kama kodi ya mapato, watu wanakuja saa nne asubuhi wanaanza kucheza magharibi.

Hesabu Kali
Angalau magharibi wote mnajua mlicholipia.

Mwizi Asiye na Kufuli
Nyie mnalia jua, mimi huyohuyo masta aliniuzia mwizi kwa pointi 28, ghali kuliko mchawi, eti kwa sababu anafungua kila mlango. Kampeni ile ilikuwa ya baharini. Jahazi. Mwanzo mwisho jahazi! Kufuli niliyoikuta ni ya sanduku la nahodha na nahodha alikuwa na ufunguo. Nimekaa juu ya sitaha nakata vitunguu na vidole vyangu vya pointi 28.

Kete Butu
Mimi nakufa.

Mtoa mada
Pole mkuu ila yako ni ya zamani, yangu ina masaa mawili. Turudi kwenye jua.

Halflingi Mnene
Huyo mwizi nakumbuka, ndo yule anayekuja saa nane, hajachangia, anakula mishkaki ya watu.

Mwizi Asiye na Kufuli
NANI? Mimi? Nilileta soda kreti nzima!

Halflingi Mnene
Kreti ulileta ukaondoka na chupa tupu, mwenye duka akatudai sisi.

Nusu Oki wa Tandale
Hahaha mimi ndo nililipa hizo chupa! Sikujua ni nani miaka yote hii.

Mzee wa Penseli
Na dadu zangu za kijani je? Niliziazimisha meza hiyohiyo, zilikuwa saba, zimerudi sita. Inayokosekana ni ile ya pande 20.

Mtoa mada
Wakuu punguzo la pointi 15 jamani, pangoni!

Kete Butu
Mzee hiyo ya pande 20 ya kijani yenye kona imevunjika?

Mzee wa Penseli
Hiyohiyo. Iko kwa nani?

Nusu Oki wa Tandale
Mtoa mada ndo anaitupa kila Jumamosi, nimeiona kwa macho yangu.

Mtoa mada
Hiyo nimenunua kwa hela yangu! Alinipa Mwizi kwa elfu tano!

Mwizi Asiye na Kufuli
Buku tatu bado hujanimalizia.

Mzee wa Penseli
Kesho nipo kwenye meza saa tatu kamili. Nyote wawili mje, na chupa za soda mzibebe.