Re: Mtoto wa kwanza kwetu kuingia chuo, nani wa kumshika mkono?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Binti yangu anaanza chuo Agosti hii hapa Marekani, ndo wa kwanza kwetu, mi na babake tuliishia fomu foo. FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali kuu, tumejaza, na Pell, msaada usiorudishwa, amepata, ila naona kama nampeleka mahali nisipopajua, hata swali la kumuuliza sina. Nimtafutie menta wa aina gani?

Mama wa watatu

---

Dada hongera sana, na wasiwasi wako naujua. Mi nilikuwa wa kwanza kwetu, na huu ni mwaka wa sita nakaa na vijana wetu wa vyuoni Jumapili mbili kila mwezi. Kinachowaangusha zaidi ni ukimya. Mtoto anafeli mtihani wa kwanza, wiki ya nne au ya tano hivi, anaona aibu manake ukoo mzima ulimwombea, basi anakufa na tai shingoni, ukimpigia ni "poa tu mama", na ukiuliza chuo hupati jibu kwa sababu kuna sheria ya FERPA ya 1974, akishaingia chuo rekodi za masomo ni zake, kwa kawaida hawakupi maksi mpaka akubali kwa maandishi. Mi kemia ilinishinda nikaacha tu kwenda darasani, nikidhani wenyewe watanitoa, nikala F. Tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye somo ilikuwa kwenye kalenda ya chuo muda wote, ila sikujua kama kuna kitu hicho cha kutafuta!

Kwa hiyo mtafutie aliyemtangulia mwaka mmoja au miwili. Sisi tunapenda kumpeleka mtoto kwa mtu mzito, daktari au injinia, wanapeana namba na imeishia hapo, manake nani atampigia mzee wa watu saa nne usiku kumuuliza silabasi ni nini? Mwenzake wa mwaka wa pili atamuuliza. Na wawe wawili, mmoja akibanwa na mitihani mwingine yupo.

Kazi yao iwe ya vitendo. Wiki ya kwanza wafungue silabasi zote pamoja, kila mtihani na kila dedilaini iingie kwenye kalenda ya simu. Wiki ya pili wamsindikize mpaka mlangoni kwa profesa, zile saa anazokaa ofisini kusubiri wanafunzi, watoto wetu wengi wanaziogopa, wanadhani ni za walioshindwa au kwamba ni kumsumbua mwalimu, na kumbe waliozoea chuo ndo wanazimaliza. Na wewe dada usimuulize "masomo vipi", muulize mtihani wa hesabu umerudishwa? Umepata ngapi? Akisema vibaya usipandishe sauti, la sivyo hutaambiwa tena.

Pia aulize kama chuo chake kina TRIO Student Support Services. Ni programu ya serikali kuu, ipo toka miaka ya 1960, ni bure, wanasaidia masomo na ushauri, na mtoto ambaye wazazi hawana digrii ya kwanza ni mlengwa kabisa. Nafasi ni chache, aombe mapema. Na Novemba 8 vyuo vingi vinaadhimisha siku ya wanafunzi kama yeye, ni tarehe iliyosainiwa sheria ya elimu ya juu mwaka 1965, aende, huko ndo atagundua hata maprofesa wengine walikuwa wa kwanza kwao.

---

Asante kaka. Na mpwa wangu aliyekuja na viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, naye anaweza kuingia huko?

Mama wa watatu

---

TRIO na FAFSA hapana dada, hizo ni za raia, wenye grini kadi, wakimbizi na wengine wachache. Kwenye kikundi chetu mlete, ila menta wake lazima ajue tofauti moja. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza mwenye F-1 kwa kawaida anatakiwa awe na krediti 12 kila semista, yaani ule uzito wa masomo anayosoma, akidropu somo akashuka chini ya hapo bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, anapoteza hadhi yake ya F-1. Tumeshaona kijana akiambiwa na rafiki yake raia "dropu tu hilo somo" kwa nia nzuri kabisa. Aanzie ofisi hiyo kabla hajabonyeza kitu. Nitumie namba zao wote wawili pembeni, kikao cha kwanza ni Jumapili kabla vyuo havijafunguliwa.