Mizani au kihisi joto: kipi kwanza kwa mwenye mizinga 20?

Mrina_Sikonge: Wakuu, nina mizinga 20, 14 ya magogo juu ya miti na 6 ya masanduku. Manzuki, yaani sehemu ninapoweka mizinga, iko mbali, baiskeli kwenye ule mchanga ni adhabu. Mwezi wa 9 nilikuta mizinga mitatu mitupu, nyuki wamehama, nondo wanamalizia masega. Hela yangu inatosha kitu kimoja: mizani inayotuma meseji, kihisi joto cha ndani, au kile cha kusikiliza sauti?

fundi_waya: Mizani, mkuu. Yangu nimeiunda mwenyewe: vihisi uzito vinne, HX711 (kichipu cha kusoma vihisi hivyo), Arduino (bodi ndogo ya kuendesha mitambo), moduli ya laini ya simu na sola ndogo. Inapima kila saa, inatuma mara moja kwa siku ili betri isife. Miombo ikichanua uzito unapanda mchana, usiku unashuka kidogo kwa sababu nyuki wanakausha nekta. Ukiona siku kadhaa haupandi, andaa bomba la moshi. Mzinga mmoja unatosha kukupa picha, majirani zake wanakula maua yaleyale.

MamaNyuki: Fundi, hiyo ni ya kujua lini arine. Mwenzako analia nyuki kuhama! Penye majana (watoto wa nyuki) nyuki hushikilia nyuzi joto 34 hadi 36, nje kuwe baridi au jua. Joto la ndani likianza kushuka na baridi ya usiku, majana yamekwisha. Nyuki wameondoka au wanafunga virago. Kihisi ni kidogo, bei yake haifiki ya mizani. Ubaya wake, vingi ni vya bluetooth, lazima usogee mzingani ndipo simu isome. Na watakipaka gundi yao, zoea.

Kitui_254: Mimi niliweka mizani kwa mzinga wa gogo. Mvua ikanyesha, gogo likanyonya maji, simu ikaniambia kuna asali. Nikabeba ndoo mbili bure 😂 Waya nao nyegere akaung'oa. Hiyo ya sauti achana nayo kwa sasa. Babu yangu hugonga gogo, anaweka sikio, anakuambia kama kuna watu ndani.

Mrina_Sikonge: Kule porini mtandao hakuna, mpaka upande kichuguu.

fundi_waya: Si ungesema mapema! Basi mizani ya meseji haina kazi hapo. Chukua vihisi vinavyohifadhi vipimo, usome ukifika.

MamaNyuki: Viwili au vitatu, kwenye masanduku, karibu na majana. Lakini ngoja kaka, hao nyuki wanakunywa wapi?

Mrina_Sikonge: Kuna kijito. Kinakauka mwezi wa 8.

MamaNyuki: Mwezi wa 8 kinakauka, wa 9 wamehama. Kihisi kitakuonyesha tu siku waliyoondoka. Nunua madumu na beseni kwanza, tupia vijiti wasizame, umtafute kijana wa jirani awe anajaza.

Mrina_Sikonge: Dada, kijana yupo. Ni yule anayeniibia asali 😅